Viti Viwili na Ndege Ishirini na Nne

Duka la kinyozi lilikuwa na viti viwili, kioo kirefu na benchi la kusubiria. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa cha Mkasi, mwenye duka. Kiti cha ndani kilikuwa cha mdogo wa mkewe. Wateja wote walimwita Shemeji, hata wale wasio na undugu naye wa karibu wala wa mbali. Naye aliitika tu, maana ukikataa jina ulilopewa kinyozini, utapewa jingine baya zaidi.

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Kila asubuhi Mkasi alifagia, na Shemeji akasafisha mashine za kunyolea kwa spiriti. Mkasi alikuwa hodari wa ndevu. Shemeji alikuwa na mkono mwepesi, hata watoto walioingia wakilia walitoka wakijitazama kwenye kioo. Nyuma ya duka mke wa Mkasi alikuwa na cherehani yake. Alishona mashuka ya kuwafunika wateja, na nguo za watu pia. Mchana walikula pamoja wote watatu. Hawakuwa matajiri, lakini waliishi kwa raha.

Ndipo serikali ikatangaza kwamba inataka kununua ndege za kivita ishirini na nne.

Habari hiyo ilisomwa redioni Jumatatu asubuhi, Mkasi akiwa katikati ya kidevu cha mwalimu mmoja. Mtangazaji alisema kamati ya Bunge itazunguka kusikiliza maoni ya wananchi. Ingefika katika ukumbi wao baada ya wiki nne. Mkasi aliinua wembe juu, jambo ambalo mwalimu alilifurahia. Akasema sasa nchi imeamka. Nchi jirani wanazo, kwa nini sisi tubaki kutazama angani tu? Hizo ishirini na nne ni chache, alisema, lakini tuanze nazo.

Shemeji alicheka kwa pua. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Wiki iliyopita walikaa zahanati kuanzia asubuhi hadi alasiri, kwa sababu muuguzi alikuwa mmoja tu.

"Mimi sitaki hata moja," alisema. "Ndege ya vita haizalishi mtu."

Wangeishia hapo, yangekwisha. Lakini kinyozini mambo hayaishii hapo. Wateja waligawanyika. Waliotaka ndege ishirini na nne walinyolewa na Mkasi. Waliotaka sifuri walikaa kwa Shemeji. Mwanzoni ulikuwa mzaha, kisha ukawa sheria. Mtu alikuwa tayari kusubiri saa nzima kwenye benchi, huku kiti cha pili kiko wazi, asije akaonekana amegeuka. Mzee mmoja wa posta alinyolewa nusu na Mkasi, akabadili mawazo, akahamia kwa Shemeji kumalizia. Alikwenda nyumbani na kichwa chenye ngazi.

Baadaye maneno yakaanza kuuma. Mkasi alimwita shemeji yake mwoga. Shemeji akajibu kuwa yeye hasifii kitu asichojua kinakula nini na kinalala wapi. Mkasi akapandwa na hasira. Mbele ya wateja sita, akasema mtu asiyejali mpaka wa nchi yake hawezi kukabidhiwa hata mlango wa duka.

Neno hilo lilimchoma Shemeji. Miaka tisa ufunguo wa pili wa duka ulikuwa mfukoni mwake. Siku ya tatu alimwambia dada yake kwamba amepata kiti katika duka jingine, karibu na stendi. Angehama mwisho wa mwezi.

Jioni hiyo mke wa Mkasi hakupiga kelele. Alikunja kitambaa alichokuwa akishona, akamtazama mumewe.

"Mdogo wangu nimemlea tangu ana miaka sita," alisema. "Sikumlea aje afukuzwe na ndege ambayo hata haijanunuliwa."

Mkasi alimpenda Shemeji, na alijua amemkosea. Lakini wafanyabiashara wa mtaa walikuwa wameshamchagua awasemee mbele ya kamati, maana alikuwa na sauti nzito na haogopi watu. Kichwa kilikuwa kimemvimba kidogo. Akiomba radhi sasa, watu si watasema ameshindwa?

Siku iliyofuata aliingia Mama Spana. Huyu alikuwa jirani yao wa kulia, fundi wa pampu za maji na majokofu. Kabla ya hapo alikuwa jeshini miaka ishirini na miwili, akitengeneza ndege. Kila baada ya wiki mbili alikuja kupunguza nywele. Siku hiyo alikuta watu wanne wamebanana kwenye benchi, wanamsubiri Mkasi. Kiti cha Shemeji kilikuwa kitupu, na Shemeji mwenyewe anafuta kioo kisicho na vumbi.

Akauliza kulikoni. Walipomweleza, alicheka mpaka akafuta machozi kwa ukingo wa koti lake la kazi. Kisha akamgeukia Mkasi.

"Mkasi, una mashine ngapi za kunyolea?"

"Sita, mama."

"Zinazonyoa leo ni ngapi?"

Mkasi alitazama kwenye rafu. Moja ilikuwa inachajiwa. Mbili meno yake yalikuwa butu, na duka linalouza meno hayo lilikuwa halijaletewa mengine. "Tatu," alikiri.

"Basi na ndege ni vivyo hivyo," alisema Mama Spana. "Ukimiliki kumi na mbili, usidhani zote zitaruka siku ukizihitaji. Nyingine ziko karakana. Nyingine zinafundishia marubani. Mwaka mmoja tulikuwa na ndege nane, zilizoruka ni mbili. Sita hazikuwa na vipuri. Kila Ijumaa tulizipangusa vumbi, ili wakubwa wakija wazione zinang'aa."

Watu wa benchi walitazamana. Mkasi aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, kwa nini vipuri havikununuliwa.

Mama Spana alieleza taratibu. Bei inayotangazwa ni ya kuinunua ndege tu. Baada ya hapo kuna mafuta, matairi na injini, ambayo lazima ifunguliwe kila baada ya saa kadhaa za kuruka. Kuna rubani, anayefundishwa miaka kadhaa, na asiporuka mara kwa mara husahau. Kuna mafundi. Kuna banda, na uwanja wenye ulinzi. Ndege hukaa jeshini miaka thelathini au zaidi. Kuitunza miaka yote hiyo kunaweza kula fedha nyingi kuliko kuinunua. Serikali iliyonunua nyingi kwa mkupuo, ikasahau matunzo, imenunua mapambo.

Shemeji alianza kutabasamu. Mama Spana akamwona.

"Na wewe usicheke," alisema. "Hata sifuri ina gharama yake. Mwaka wa mafuriko, waliokuwa juu ya mapaa waliokolewa na nani? Marubani wa jeshi. Rubani hapatikani dukani siku ya shida. Ukiacha kufundisha leo, miaka kumi ijayo huna mtu."

Tabasamu la Shemeji lilipotea. Mkasi akauliza swali lililokuwa kichwani mwa kila mtu. Kama ishirini na nne si sawa, na sifuri si sawa, basi ni ngapi?

"Sijui," alisema Mama Spana. "Na ninyi hamjui. Mmeanza kugombana juu ya idadi kabla ya kuuliza ndege zinatakiwa kufanya kazi gani. Kulinda mpaka? Huenda rada itasaidia kwanza, ili tujue nani anaingia. Kubeba watu na dawa? Hiyo ni kazi ya ndege za mizigo na helikopta. Mfuko wa serikali ni mmoja. Jeshi linachota humo, zahanati inachota humo. Nendeni ofisi ya mtaa, mkaombe muhtasari wa bajeti. Ni haki yenu. Someni, kisha mwandike maswali. Maoni ya maandishi hupigwa muhuri na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Kelele za ukumbini hubaki ukumbini."

Alipomaliza, alikwenda kukaa kwenye kiti cha Shemeji, kwa sababu kilikuwa wazi. Akataka nywele fupi, kama kawaida.

Mkasi aliwaza hayo siku nzima. Alifikiria mashine zake tatu za kwenye rafu zisizonyoa, ambazo alikuwa akizihesabu kama mali. Alasiri, duka lilipokuwa halina watu, alipiga moyo konde.

"Shemeji," alisema, "neno lile la mlango lilikuwa baya. Tena halikuwa la kweli. Naomba radhi."

Shemeji aliendelea kukunja mashuka. "Nimekusikia, shemeji," alisema mwishowe.

"Nataka tuandike pamoja. Ya zahanati unayajua wewe. Mimi siyajui."

"Nitaandika. Lakini kule stendi nimeshatoa ahadi."

Mkasi alitamani jibu jingine, lakini hakulilazimisha.

Walikwenda pamoja ofisi ya mtaa. Karani alishangaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuomba muhtasari ule. Aliutoa kabatini, akaupuliza vumbi. Wiki mbili, kila alasiri, walisoma kurasa zile kwenye benchi. Mambo magumu waliyapeleka kwa Mama Spana, aliyejibu huku mkono mmoja ukiwa ndani ya pampu. Mke wa Mkasi ndiye aliyeandika, maana mwandiko wake ulisomeka. Walibishana, tena sana. Mkasi bado alitaka ndege, angalau kumi na mbili. Shemeji bado alitaka wauguzi kwanza. Lakini sasa kila mmoja aliulizwa sababu, na sababu iliandikwa. Wateja nao walianza kukaa kwenye kiti chochote kilicho wazi.

Siku ya kamati ukumbi ulijaa. Watu walitaja idadi kama wako mnadani. Mmoja alisema thelathini, wa nyuma yake akasema arobaini, akapigiwa makofi. Mkasi alipoitwa, mwenyekiti wa kamati alikuwa amechoka. Hakusubiri hata salamu.

"Na wewe unataka ngapi?"

Nyuma yake wafanyabiashara walisubiri kusikia ishirini na nne. Ndiyo waliyomtuma.

"Mheshimiwa, mimi ni kinyozi," alisema. "Mteja akikaa kwenye kiti, simuulizi nimtoe nywele ngapi. Namuuliza anataka atoke vipi. Nasi tumekuja kuuliza. Ndege hizi ni za kazi gani? Kuzitunza miaka yote kutagharimu kiasi gani? Marubani wako tayari? Rada itanunuliwa? Na mafundi watafundishwa wangapi? Mimi napenda tuwe na ndege. Lakini napenda ziruke."

Kisha Mkasi akafanya jambo ambalo hakulipanga. Aligeuka nyuma.

"Shemeji yangu hakubaliani nami kwa mengi," alisema. "Tumeandika karatasi moja, lakini upande wake naomba ausome mwenyewe. Ni mtu ninayemwamini."

Shemeji alisimama. Alisoma habari za zahanati yenye muuguzi mmoja na akina mama thelathini kwa siku. Alisema hapingi ulinzi, ila mama anayefia mlangoni mwa zahanati naye hakulindwa. Alisoma mpaka mwisho. Katibu wa kamati alipokea karatasi yao, akaipiga muhuri, akawapa nakala. Mwenyekiti alikuwa amekaa wima na ameshika kalamu.

Wiki nane zikapita. Mke wa Shemeji alijifungua salama mtoto wa kike mwenye nywele nyingi, na wajomba na mashangazi wa mtaa mzima wakatoa ushauri juu ya kuzinyoa. Asubuhi moja redio ikasoma taarifa ya kamati. Zitanunuliwa ndege nane kwanza, pamoja na rada. Fedha za vipuri na za mafunzo ya marubani zitatengwa kabla ndege hazijafika. Zilizobaki zitajadiliwa tena baada ya miaka miwili. Sehemu ya fedha zilizookolewa itaajiri wauguzi, na zahanati yao ilitajwa. Mkasi alilalamika kuwa nane ni chache. Shemeji alilalamika kuwa nane ni nyingi. Mteja aliyekuwa kwenye kiti aliwaomba wamalizie kwanza kichwa chake.

Mchana ikawajia barua ya kamati. Mke wa Mkasi aliisoma kwa sauti wakiwa wamemaliza kula. Kamati iliwashukuru, ikajibu maswali yao moja baada ya jingine. Alipofika mwisho, Shemeji aliomba aione.

"Hili la mafundi hawajalijibu," alisema. "Wamejibu manne."

"Basi tuwaandikie tena," alisema Mkasi.

Mkewe alivuta karatasi na kalamu. Mwisho wa mwezi ule wa ahadi ulikuwa umepita zamani. Kila asubuhi Shemeji alikuwa akija na kusafisha mashine, na dada yake hakuthubutu kuuliza, asije akamkumbusha. Sasa alitazama karatasi tupu, wala hakuinua macho.

"Mdogo wangu, majibu wayalete wapi?" aliuliza. "Niandike anwani ya hapa, au ya stendi?"

"Ya hapa, dada," alisema Shemeji. "Kwingine nitakuwa nafanya nini?"

Dada yake akaandika anwani ya duka juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, kisha akawauliza waanze vipi.