Kigari cha Betri cha Bandarini

Siku meli ya Mto Nile kutoka Kosti ilipofika Juba, bandari nzima ilinuka samaki mkavu na jasho, na katikati ya msukumano huo kigari cha betri cha kubebea mizigo kikazima mbele ya Ketty, kikamzibia njia. Ketty alikuwa karani mpya wa ghala, aliyerudi na wazazi wake kutoka Arua, Uganda, baada ya vita, na siku hiyo alivaa gauni la njano lililopigwa pasi. Dereva, Lomoro, alishuka na suruali iliyotobolewa na asidi mpaka magotini, akatabasamu.

"Malesh, samahani dada. Hii gari imeona wewe, imekataa kwenda."

Upuuzi mtupu, lakini Ketty alicheka. Wiki haikuisha, wakawa wapenzi.

Kilichomkera ni chaji. Lomoro aliamini betri lazima ife kabisa ndipo ijae vizuri. Alikuwa akikiendesha kigari mpaka kizime njiani, anakiacha hivyo siku kadhaa, halafu anakichomeka kwenye chaja Jumamosi na kukisahau mpaka Jumatatu. Betri zinachemka, ghala linanuka mayai viza, hata chai haimezeki. Baba yake Ketty alitunza betri za redio ya misheni kule Arua miaka tisa, na alimfundisha bintiye: chaji kila jioni, zikijaa chomoa, usiache zikauke. Ketty alimweleza Lomoro yote hayo. Lomoro akamfinya shavu, akasema mapenzi ni ya wote wawili ila betri ni zake. Basi Ketty akawa anaziongezea maji ya betri mwenyewe, ameziba pua kwa leso.

Mwezi wa saba betri zikagoma. Bwana Lukudu, mkuu wa bandari, akauliza nani ameziua. Lomoro, bila kupepesa macho, akasema karani huwa anazitia maji. Ketty alisimamishwa kazi siku ileile.

Jumapili mwanamume huyo akatokea nyumbani kwa kina Ketty, mtaa wa Munuki, shati jeupe, viatu vinang'aa, kitenge mkononi. Mimi ningemmwagia maji ya vyombo.

"Ketty, habiba, mimi nataka kuoa wewe. Nimekuja kuona baba."

"Na Lukudu umeona, kumwambia ukweli?"

"Hiyo tutasema baadaye. Tukishaoana, wewe utafanya nini na kazi?"

Ketty alikisukuma kitenge pembeni.

"Ile harufu nilivumilia, kwa sababu iko ya betri. Hii iko yako mwenyewe. Ondoka na hiyo kitenge."

Kesho yake alimpeleka baba yake kwa Lukudu. Mzee akafungua vifuniko vya betri, akaonyesha mabamba ya ndani yaliyoota unga mweupe, akaeleza kwamba maji safi hayafanyi vile. Betri huota vile zikiachwa zimekufa siku nyingi. Lukudu akamrudisha Ketty kazini, na betri mpya zilipofika akamkabidhi ufunguo wa chaja. Lomoro aliachwa aendeshe, kwa kuwa dereva mwingine hakuwepo.

Huu ni mwaka wa tatu, na betri zile hazijazima hata mara moja. Kila jioni Lomoro analeta kigari, anasimama akisubiri neno. Ketty anachomeka waya.

"Asante, dereva," anasema, na kurudi kwenye daftari lake.