Ndeshi na Sindano Kubwa ya Chuma

Ndeshi alikuwa na miaka sita. Aliishi Siha, chini ya mlima, mahali ambapo nyasi hurefuka hadi kiunoni mwa mtu mzima.

Mama yake alikuwa fundi wa vyuma. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Nyundo iligonga, ko! ko! ko! Cheche ziliruka, cha! cha! cha!

Ndeshi aliiogopa karakana. Akitumwa kumpelekea Mama chai, aliiweka mlangoni, kisha mbioo!

Asubuhi moja alikuja Mjomba Elinami, akihema. Alikuwa ameshika kipande cha chuma kilichopinda.

"Dada! Mashine yangu ya kufunga nyasi imevunjika sindano!"

"Sindano ya kushonea nguo?" aliuliza Ndeshi.

"Hapana, Ndeshi. Sindano hii ni ndefu kuliko mguu wako. Inapitisha kamba, robota, yaani mzigo wa nyasi, linafungwa. Bila sindano, hakuna robota."

Mama alitazama juu. Mawingu meusi yalikuwa yanashuka kutoka mlimani.

Nyasi za Mjomba zilikuwa zimekatwa, zimelala shambani. Zikinyeshewa, zitaoza. Na kiangazi kikija, ng'ombe watakula nini?

"Dukani je?" Mama aliuliza.

"Hawana. Hadi iagizwe, ni wiki tatu."

"Basi nitatengeneza mpya. Lakini kipande hiki hakina ncha. Ncha yake iko wapi?"

Mjomba alijishika kichwa. Ncha ilikuwa imerukia shambani.

Wakaenda wote watatu. Mashine ilikuwa imesimama kimya, nyekundu, mdomo wazi.

"Itaamka?" Ndeshi alinong'ona.

"Haiamki. Nimezima trekta, na ufunguo ninao mimi," alisema Mjomba. "Lakini usiisogelee. Wewe tafuta huku nyuma, kwenye nyasi."

Gururuuu! Ngurumo ilisikika.

Moyo wa Ndeshi ukaenda du-du-du. Akapiga hatua moja. Kisha nyingine.

Chaka-chaka-chaka! Kitu kilitembea ndani ya nyasi.

Nyoka? Ndeshi aliganda.

Frrr! Akaruka kware mdogo, akaenda zake.

Ndeshi alishusha pumzi. Pale kware alipokuwa, kitu kiling'aa. Kilikuwa chembamba, kimechongoka.

"Mama! Mama, njoo! Nimeiona!"

Wakarudi mbio karakanani. Mama alipanga vipande sakafuni. Akavizungushia mstari wa chaki, ukatokea mchoro wa sindano nzima.

Ndeshi alibaki nje ya mlango.

"Ndeshi, ingia," Mama aliita. "Mjomba atavuta mivukuto ya kupuliza moto, mimi nitapiga nyundo. Nani ataangalia kama chuma kinalingana na mchoro?"

"Naogopa, Mama. Naogopa moto."

"Hata mimi naogopa moto," alisema Mama. "Ndiyo maana navaa miwani na glavu. Vaa na wewe miwani hii. Simama pale pembeni, cheche hazifiki."

Moyo wa Ndeshi ukaenda du-du-du. Akapiga hatua moja. Kisha nyingine. Akaingia.

Fuuu! Fuuu! Mjomba alivuta mivukuto. Chuma kipya kikawa chekundu motoni, kama nyanya.

Ko! ko! ko! Mama alikipiga, kikapinda. Akakishika kwa koleo, akakilaza juu ya mchoro.

Gururuuu! Upepo ukatikisa mabati.

"Imekaa sawa!" alisema Mjomba. "Twende, mvua hiyo!"

Ndeshi alitazama. Ncha ilikuwa imetoka nje ya mstari. Kidogo tu, kama upana wa kidole.

"Bado," alisema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyesikia. Mama tayari alikuwa ameinua koleo.

Moyo ukaenda du-du-du.

"BADO!" Ndeshi alipiga kelele. "Mama, ncha imetoka nje!"

Mama alisimama. Akainama, akatazama vizuri.

"Ni kweli. Hii ingegonga mashine, ingevunjika tena. Elinami, vuta mivukuto!"

Fuuu! Fuuu! Ko! ko! ko! Safari hii sindano ililala ndani ya mstari, kote kote. Tsssss! Ikapozwa.

Shambani, Mjomba alifunga sindano mpya kwenye mashine. Akawasha trekta. Ndeshi na Mama walisimama mbali. Ndeshi alishika sketi ya Mama kwa mikono miwili.

Kataputa-kataputa-kataputa!

Wakangoja. Hakuna kitu. Wakangoja tena.

Pu! Robota likaanguka. Limefungwa barabara, kamba mbili!

Pu! La pili. Pu! La tatu. Majirani wakaja kubeba. Bega kwa bega, robota kwa robota, hadi bandani.

Robota la mwisho lilipoingia, tone moja lilimdondokea Ndeshi puani. Kisha mvua yote ikamwagika.

Ndani ya banda kulikuwa kukavu. Ndeshi na Mama walikaa juu ya marobota. Nyasi zilinukia vizuri. Mjomba akamletea Ndeshi kikombe cha maziwa ya moto.

Gururuuu!

"Mama, ngurumo bado naiogopa."

"Sogea hapa."

Ndeshi akasogea. Mikono ya Mama ilikuwa na masizi, ina joto. Mvua iliimba juu ya mabati. Huko chini ng'ombe walitafuna taratibu, nya, nya, nya.

Maziwa hayajaisha, Ndeshi alikuwa amelala.