Kikombe cha Mwenzio

Bahasha ilikuwa imefungwa vizuri, haina hata mkunjo. Kilichoibwa ni kilichokuwemo.

Maan, msimamizi wa kiwanda cha uchapaji kule Rusayl, aliimwaga mezani mbele ya Inspekta Mahfoudh. Zikatoka karatasi ishirini na mbili, zote nyeupe, hazina hata nukta.

"Umeifungua lini?"

"Leo asubuhi."

"Na imeletwa lini?"

"Jana Jumatatu, adhuhuri. Kaileta Bi Kheiria mwenye kitabu, yeye na mtumishi wake, na..." Maan akashusha sauti kama mtu aliye msikitini. "Na Nasriya."

"Nasriya gani?"

"Inspekta, Maskati nzima ina Nasriya mmoja."

Ilikuwa kweli. Mwaka ule wa 2003, ukiwasha televisheni Nasriya yumo, ukiizima ukatoka nje yumo kwenye bango la barabarani. Mke wa Mahfoudh alishaunguza chungu kizima cha wali kwa ajili ya tamthilia yake, na hakuomba radhi.

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Sura ya saba ya kitabu cha kanuni. Zile sita zilikuja kwenye diski, nimeshazipanga. Hii imeandikwa kwa mkono, na nakala ni hiyo moja. Jumamosi mashine inaanza. Isipopatikana, tunachapa sita."

"Kanuni za nini? Za barabarani?"

"Za mchezo."

Mahfoudh alikuwa na miaka thelathini kazini. Alishatafuta magari, dhahabu, mbuzi, na safari moja jeneza. Kanuni za mchezo alikuwa bado. Akaitia bahasha kwenye mfuko wa ushahidi, akaipeleka maabara, kisha akashika njia ya Sib, kwa Bi Kheiria.

Kheiria alikuwa mwalimu aliyeacha chaki akaanza kuchapisha vitabu, ofisi yake chumba cha mbele cha nyumba yake. Wazee wake walitoka Unguja mtaa mmoja na wazee wa Mahfoudh, ndiyo maana hakumwita inspekta.

"Ami Mahfoudh, mwizi nimeshamjua. Nnataka umchukue tu."

"Basi mimi nimekuja kunywa kahawa. Nani?"

"Restituta, anayenifanyia kazi humu ndani."

"Nieleze mchezo kwanza. Mwizi hakimbii, nnamsikia anaosha vyombo."

Kheiria akaeleza. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anajifanya mtu: huyu mchimba falaji, huyu mganga, huyu mlinzi. Maji ya mji yamekatika, wanaingia kwenye falaji, ule mfereji wa chini ya ardhi, kutafuta aliyeyakata. Msimulizi anawaambia yaliyowakuta, wao wanasema watafanya nini, dadu zinaamua. Mchezo unaitwa Walinzi wa Falaji.

"Kila mtu ana kokwa saba za tende mbele yake, ndiyo roho yake. Akijeruhiwa, dadu zinasema atoe ngapi. Dadu anazitikisa kwenye kikombe chake cha kahawa. Kokwa zikimwisha anapindua kikombe, amekufa."

"Na Nasriya anaingilia wapi?"

"Jina lake na picha yake zinakaa juu. Kitabu cha mchezo, ami, hapa petu, bila ya mtu maarufu nani atakigusa? Lakini usimdharau. Wale wahusika wote kawatunga yeye, majina yao na sauti zao. Kila Ijumaa anakuja kucheza."

"Na sura ya saba kaitunga nani?"

Kheiria akazungusha kikombe kisichohitaji kuzungushwa. "Restituta."

"Huyo mwizi."

"Huyo."

"Kaiba maandishi yake mwenyewe?"

"Kitabu kina jina moja, la Nasriya, na Restituta alijua tangu mwanzo. Nnadhani moyo umemgeuka. Bahasha niliifunga mimi Jumapili usiku. Jumatatu kaibeba yeye toka humu, kaipakata mpaka Rusayl. Kama si yeye, nani? Jumamosi nnamkatia tiketi arudi kwao."

"Na sura yenyewe ina nini?"

Kheiria akainama, akamnong'oneza. Ilikuwa kanuni moja tu, pamoja na kisa chake kirefu. Mahfoudh akainua nyusi.

Restituta alikuwa jikoni, mwanamke wa Bukoba mwenye miaka thelathini na kitu, mikono imejaa povu.

"Kaa, mwanangu."

"Nitasimama tu, afande."

"Uliichukua?"

"Hapana."

"Ulikasirika jina lako halimo?"

"Nilikasirika. Kukasirika ni kosa hapa Maskati?"

"Bado."

Mdomo wake ukataka kucheka, ukajizuia.

"Nani mwingine ameisoma?"

"Nimeiandika mimi, Mama Kheiria ameisoma Jumapili. Basi. Nilitaka kuwashtukiza wenzangu mezani Ijumaa. Haijachezwa hata mara moja."

"Huwezi kuiandika tena?"

"Naweza, hata kesho. Halafu Mama atasema nainakili kutoka kwenye ile niliyoificha." Akakung'uta mikono. "Afande, mimi kurudi kwetu siogopi. Nikirudi na sanduku langu, nimerudi mimi. Nikirudi na jina la mwizi, huyo atakayeshuka uwanja wa ndege simjui. Na mama yangu hatamjua."

Mahfoudh alitoka na maneno yale yakiwa yamemkaa kooni kama mwiba wa changu.

Kesho yake alimkuta Nasriya studio, kati ya onyesho na onyesho. Alikuwa akiigiza mjane aliyejigeuza kaka yake ili aendeshe duka la marehemu, kwa hiyo uso ule uliopendwa na nchi nzima ulikuwa na masharubu, upande mmoja umeshabanduka.

"Utanisamehe, ami. Joto hili halipatani na ndevu."

"Mke wangu hatoamini. Bi Nasriya, sura ya saba uliiona?"

"Sijaiona. Nilisikia ipo tu. Mimi nimeshiriki zile sita."

"Redioni ulisema umekiandika chote."

"Mtu husema mengi redioni." Akachukua kichupa, akapaka gundi chini ya pua, akabonyeza masharubu kwa kidole. "Restituta watamfanya nini?"

"Anarudishwa kwao Jumamosi."

Kidole kikasimama palepale. "Lakini hajafanya kitu."

"Umejuaje?"

"Nnamjua."

"Kumjua mtu si ushahidi, bibi."

Jioni ile mtaalamu wa maabara alipiga simu. Alama za vidole zilikuwa za watu wanne, wote waliosafiri na bahasha au kuipokea. Hazikusaidia kitu. Lakini bahasha ilifunguliwa kwa mvuke, halafu ikafungwa tena kwa gundi nyingine.

"Gundi gani?"

"Si ya ofisini, Inspekta. Hii hutumika kubandika vitu kwenye ngozi ya mtu. Haiwashi."

Mahfoudh akaweka simu, akayaona yale masharubu. Mkono ulioiba alishaupata. Kilichomshinda ni sababu. Nani atakwenda kuiba kitabu ambacho picha yake mwenyewe iko juu? Na angemkamata kwa tone la gundi, Nasriya angesema bahasha iligusana na mkoba wake, na karatasi zingeishia motoni. Naye hakutaka tu kumpata mwizi. Alitaka zile karatasi kabla ya Jumamosi.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, alibisha kwa Kheiria akiwa amevaa kanzu, bila bastola.

"Nimekuja kucheza."

"Ami, wewe?"

"Zile sura sita. Na hiyo ya saba, wewe msimulizi usiitaje kabisa."

Wakakaa wanne. Kheiria alisimulia. Mahfoudh alipewa mlinzi wa lango, Nasriya akacheza mganga, Restituta mchimba. Mwanzo Restituta hakutaka kukaa.

"Mama, mimi mtuhumiwa."

"Kaa," alisema Mahfoudh. "Watuhumiwa wote nnakaa nao meza moja, ndiyo kazi yangu."

Mlinzi wa Mahfoudh hakufika mbali. Alimkamata nge kwa mkono ili amhoji. Dadu zikamkataa mara tatu, kokwa zikamwisha, akapindua kikombe.

"Nimekufa?"

"Umekufa, ami. Kaa kimya."

"Kwa nge tu?"

"Maiti hasemi."

Hata Restituta alicheka, na kwa muda kidogo meza ile ikawa kama Ijumaa nyingine yoyote. Nasriya alimpa mganga sauti ya bibi kizee wa Unguja, kila dawa yake tangawizi. Wakashuka ndani ya mfereji, mganga na mchimba, mpaka wakafika kwenye jiwe lililoziba maji. Mchimba akalipiga. Jiwe likapasuka, na maji yote ya mlima yakaja kwa mara moja.

"Mganga yuko juu ya ngazi," Kheiria alisimulia. "Maji hayamfiki. Mchimba yuko chini. Tupa."

Restituta akatupa. Mbili. Akatoa kokwa mbili. Akatupa tena. Moja. Akatoa kokwa ya mwisho, akaiweka katikati ya meza polepole, kama anarudisha kitu cha watu. Akapindua kikombe chake. Hakumtazama mtu.

Mahfoudh alikuwa akitazama mikono.

Mkono wa Nasriya ulikuwa juu ya meza. Ukajivuta nyuma, ukasita, halafu ukaenda mbele wenyewe. Ukakishika kile kikombe cha Restituta, ukakiinua.

"Nnamtupia mimi," alisema, na haikuwa tena sauti ya bibi kizee. "Kitakachompata, kinipate mimi."

Kheiria aliacha mdomo wazi. "Nasriya, kikombe kikishapinduliwa mtu amekufa. Nani kakwambia kuwa mwenzio anaweza kukiinua?"

Nasriya akakitazama kikombe mkononi mwake kana kwamba amewekewa na mtu mwingine.

"Hiyo haimo kwenye zile sita," alisema Mahfoudh kwa upole. "Imo kwenye ya saba tu, ambayo hujaiona. Na bahasha imefungwa kwa gundi ya masharubu. Sema, binti yangu. Umeshaanza."

Alisema. Mwanzo yalitoka vipande vipande, halafu yakaja kama yale maji.

Jumatatu alikuja mapema. Kheiria alikuwa akivaa, Restituta yuko juu anapiga pasi, bahasha iko mezani, birika linachemka jikoni. Alitaka kusoma tu. Mwezi uliopita mtangazaji alimuuliza redioni: umekiandika peke yako? Naye akajibu, kila neno. Akataka walau aone maneno aliyodai ni yake.

"Kurasa nne zilinitosha. Umeandika pale ulivyoipata kanuni hiyo, Restituta. Ulipofika Maskati ukaugua, na yule mwenzio Dativa akafanya kazi yake na yako wiki mbili, mwajiri wenu wa wakati ule asijue ukarudishwa kwenu. Mwisho akaanguka yeye kwa uchovu." Akafuta macho kwa kiganja. "Wahusika ni wangu, hilo siogopi kulisema mbele ya mtu. Lakini lile? Nikiliwekea jina langu, nnamwibia mtu mpaka ugonjwa wake."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Kheiria aliuliza.

"Ningekwambia ningekuwa nimekiri kuwa nimeongopa redioni. Nikatia karatasi za studio, nikafunga kwa gundi ya mkobani. Nikajua ya saba isipopatikana mtachapa sita, na mimi sitokuwa nimemwibia mtu. Sikuwaza kama atashukiwa yeye. Nilipojua, nikanyamaza siku mbili. Hizo siku mbili ndizo nnazozionea haya zaidi."

Akafungua mkoba. Zilikuwemo, zote ishirini na mbili, zimefungwa kwa kitambaa pamoja na masharubu.

Mahfoudh akatoa jalada lake. "Nnahitaji mlalamikaji. Karatasi ni za nani?"

Kheiria akazitazama zile karatasi. Alikuwa mwalimu miaka kumi na mitano, na alijua sura ya mtu aliyeandika insha na ya mtu aliyeisahihisha.

"Za Restituta," alisema. Kisha akamgeukia. "Nimekuita mwizi mbele ya watu, na wewe ndiye uliyeibiwa. Na wa kwanza kukuibia nilikuwa mimi, nilipolitoa jina lako. Nisamehe, dada."

Miaka minne chini ya paa lile, Restituta hakuwahi kuitwa dada. Alizipanga karatasi zake, akazigonga mezani zilingane.

"Afande, sitaki Bi Nasriya afungwe."

"Unataka nini?"

"Arudi redioni. Kwa mtangazaji yuleyule." Akafikiri kidogo. "Na jina la Dativa liwemo kwenye sura ya saba, pale mwanzo. Langu liwekwe juu ya kitabu, pembeni ya la Bi Nasriya. Wahusika ni wazuri kweli, sitamnyang'anya."

Nasriya aliitikia kwa kichwa. Alijua litamgharimu, na hakuomba lipunguzwe.

"Nitakwenda kesho."

Mahfoudh aliandika maelezo yao mstari kwa mstari, wakatia saini wote watatu, akafunga jalada. Alipoinuka kutafuta viatu vyake Restituta alikuwa bado amekaa.

"Bi Nasriya," alisema. "Kikombe umekiinua. Hujatupa."

Nasriya akakitia dadu, akakitikisa, akatupa. Tatu. Akahesabu kokwa zake mwenyewe, akatoa tatu, akabaki na mbili. Na mchimba akatoka kwenye maji, akikohoa, mkono wake mkononi mwa mganga.

Mahfoudh alisimama mlangoni na kiatu kimoja.

"Na mlinzi wangu je? Mbona hakuna aliyekiinua kikombe changu?"

"Ami," alisema Restituta, akimpelekea kahawa, "wewe ulikufa kwa kanuni za zamani. Njoo Ijumaa ijayo."