Kadi Iliyobaki Getini

JUMAPILI, SAA KUMI ALASIRI. UTANGE, MOMBASA.

Mbele ya duka lake Rosalia aliuza kalamu, bahasha na picha za pasipoti. Nyuma aliuza kila kitu ambacho serikali hukitoa kwa shida. Alasiri hiyo mlango wa nyuma ulifungwa, na wanaume watatu walikaa kwenye mabenchi wakitokwa na jasho.

Chengo ndiye aliyewaita. Mwembamba, mpole wa maneno, mkubwa wa kundi. Hapazi sauti, na hakuna anayemwomba arudie neno.

"Kontena moja," alisema. "Matairi ya malori, mapya. Liko yadi ya Changamwe, nyuma ya matangi ya mafuta. Askari wa getini, Mutua, ni wetu. Karatasi ya kutolea mzigo ataitengeneza Rosalia. Tunaingia mchana, winchi yao inatupakia, tunatoka kwa geti lao. Hakuna bunduki."

Jacktone aliguna. Alishuka kutoka bara na misuli na bastola, na hakuwa na ujuzi mwingine. "Sasa kama hakuna bunduki, buda, mi nakuja kufanya nini?"

"Kunyamaza."

Jacktone akanyamaza.

"Shida ni dereva," Chengo aliendelea. "Yadi ina kimashine. Kadi ya leseni inaingizwa, kimashine kinauliza ofisi, taa inawaka kijani ama nyekundu. Karatasi tunaghushi. Kadi hatuwezi. Lazima iwe ya kweli, ya mtu wa kweli."

Wote wakamtazama Gona.

Gona alikuwa mume wa Nyamvula, dada yake Chengo. Miaka sita alibeba magogo Nampula, Msumbiji, kwa trela, kwenye barabara ambazo mvua ikinyesha si barabara tena. Alirudi nyumbani na leseni ya kule, imeandikwa Kireno. Kila tajiri wa malori aliyempelekea aliigeuza mbele na nyuma, akamrudishia kama noti iliyochanika. Dereva anayeweza kurudisha trela kinyumenyume kwenye kichochoro cha mbuzi, sasa alikuwa kibarua wa kupakia saruji Bamburi, anakohoa vumbi mpaka usingizini. Ukitaka kumjua Gona, jua hilo moja: hakutaka utajiri. Alitaka kurudi nyuma ya usukani.

"Ya kigeni inabadilishwa," alisema Rosalia. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, na juu ya vyeti hakuwa na utani. "Nataka leseni yenyewe, si kopi. Pasi, na kurasa zenye mihuri ya mpaka. Kitambulisho, namba ya kodi, picha. Barua ya ubalozi kwamba leseni ni yao kweli. Na tafsiri."

"Tafsiri ninayo, mama. Kuna mwalimu wa kanisani kwetu aliyesomea Beira, kulekule Msumbiji. Nikaipeleka ofisi ya leseni."

"Wakaikataa."

Gona akainamisha kichwa. "Wakaikataa."

"Nimeiona. Mwalimu wako katafsiri mbele, nyuma kaacha. Nyuma ndiko kulikoandikwa unaruhusiwa kuendesha gari gani! Kwa ile karatasi yake, wewe ni dereva wa kitu kisichojulikana." Jacktone akacheka. Rosalia hakucheka. "Tutampa mfasiri anayetambuliwa. Pande zote mbili, neno kwa neno, mpaka mihuri. Atie sahihi, aambatishe tamko lake. Hapo hakuna wa kukukataa."

Gona alitoa leseni mfukoni, lakini hakuiachia. "Hii nitarudishiwa?"

"La. Ukipewa ya hapa, ya kule inabaki ofisini kwao. Mtu hawi na mbili."

Gona akamtazama Chengo.

"Shemeji," alisema Chengo kwa upole. "Kazi moja tu. Ukitoka, Mutua anakurudishia kadi na kulifuta jina lako. Mzigo unapotea, wewe unabaki na leseni halali maisha yako yote. Mimi nitakudanganya wewe? Uliponiachia dada yangu ukaenda Nampula, hukumkuta salama?"

Nani angebishana na hilo? Gona akaiachia.

IJUMAA, MIEZI MITATU BAADAYE. SAA SITA NA ROBO MCHANA. CHANGAMWE.

Kadi ilikuwa imetoka wiki iliyopita, na Gona alikuwa amelala nayo chini ya mto kila siku. Nyamvula aliishika mara moja, akasema, "Umetoka vizuri kwenye picha," akaenda kuosha vyombo. Gona alidhani mkewe anaficha furaha. Wanaume hudhani mengi.

Sasa alikuwa juu ya trela lenye namba bandia, kwenye foleni ya geti. Ijumaa ilichaguliwa kwa makusudi. Wakubwa wa yadi walikuwa wameshaondoka kwenda msikitini, karani alikuwa kwenye wali wake, na Mutua alibaki peke yake na kofia yake ya buluu.

"Kadi," alisema Mutua, kama mtu asiyemjua.

Gona akaitoa. Mutua akaiingiza kwenye kimashine. Kikanyamaza. Kikaendelea kunyamaza.

Taa ya kijani.

Wallahi, mtu huyu aliyekuja kuiba alitaka kulia kwa furaha. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, kitu cha nchi yake kilikuwa kimemwambia kwamba yeye ni dereva.

Sheria ya geti lile kila dereva wa Changamwe anaijua. Kadi yako inabaki kwenye sanduku la mbao dirishani, wewe unapewa kibati chenye namba. Ukitoka unarudisha kibati, unachukua kadi. Dereva wa kweli ataacha viatu vyake ndani ya yadi kabla ya kuacha kadi. Mutua akampa kibati, akainua mti wa geti.

Ndani mambo yalikwenda kama sala. Karatasi ya Rosalia ilipita. Winchi ikalinyanyua kontena, ikaliweka juu ya trela, Gona akafunga kufuli za pembe za kontena kwa mikono yake. Lori halisi la mzigo ule lilitarajiwa saa tisa. Mpaka hapo hakuna ambaye angeuliza.

SAA SABA KASOROBO.

Kwenye geti la kutokea Gona alinyoosha kibati dirishani. Mutua akakichukua. Mti ukapanda juu.

"Kadi yangu."

"Ondoa gari."

"Kadi, Mutua."

"Karani anarudi, wewe! Kadi anayo Chengo. Amepita hapa, nimempa. Toka!"

Nyuma lori jingine lilipiga honi. Karani alikuwa kweli anakuja, kijiti cha meno mdomoni. Gona aliliangalia sanduku la mbao, hakuweza kuona ndani. Ingekuwa jina jingine lolote, angezima injini palepale. Lakini lilikuwa jina la shemeji yake. Akatia gia.

Alishika njia mpya ya Dongo Kundu kuelekea Likoni. Alimpigia Chengo mara tatu, simu ikaita bila kupokewa. Moyo ulimwambia kitu, akauambia unyamaze. Chengo alikuwa mjomba wa watoto wake. Aliendelea kujiambia hivyo mpaka daraja la mwisho.

SAA NANE KASOROBO. LIKONI.

Uwanja ulikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali kilichokufa, ukuta pande zote, lango la mabati. Jacktone alifunga lango trela lilipoingia. Rosalia alisimama kivulini, amekumbatia mkoba wake. Chengo akaja na tabasamu, begi jeusi mkononi.

"Mwanamume wewe! Shuka, shemeji."

Gona alishuka. Aliacha injini ikinguruma. "Kadi yangu."

"Kwanza maji ya kunywa."

"Sina kiu."

Chengo akamwekea begi miguuni. "Kuna gari linakusubiri barabarani. Leo hii unavuka mpaka wa Lunga Lunga, kesho Dar, halafu unashuka Nampula kwako. Nauli iko ndani. Pumzika huko mwaka, miaka miwili. Mambo yakipoa nakuita."

"Mambo gani? Jina langu si limefutwa?"

Chengo alilisogeza begi kwa mguu.

"Mwambie, Chengo," alisema Rosalia. "Ama nitamwambia mimi."

"Rosalia, nyamaza."

"Nimehangaika na karatasi za huyu mtu miezi mitatu! Nimemwahidi kwa mdomo wangu." Akavua miwani. "Gona, kadi yako iko kwenye lile sanduku. Haikutolewa. Mutua hajui hata namna ya kufuta jina. Saa tisa wakiligundua kontena, wataikuta hapo. Polisi wakikosa jina hutafuta kila mtu. Wakipewa jina, na picha, na alama za vidole, hawatafuti mwingine. Ndiyo maana ilitakiwa iwe ya kweli. Mimi nimeyajua jana."

Gona aliutafuta uso wa Chengo, akitumaini kuona aibu japo kidogo. Hakuiona.

"Ungefanya nini wewe?" Chengo aliuliza, sauti ile ile ya upole. "Mmoja lazima aonekane. Wewe una mahali pa kukimbilia. Sisi hatuna. Nampula si wanakujua?"

"Nampula nitaendesha kwa kitu gani? Kwa meno? Leseni yao nimeikabidhi. Yenu iko kwenye sanduku. Mimi si dereva wa nchi yoyote sasa."

Aliinama kulifungua begi, labda kwa sababu mikono ilitaka kazi. Mashati yake matatu yalikuwa juu. Yamepigwa pasi, yamekunjwa mikono ikiwa ndani na kola imegeuzwa juu. Hakuna mtu Mombasa nzima anayekunja shati hivyo ila mmoja.

Akatoa simu. Nyamvula alipokea haraka.

"Umeshapanda gari?"

Hakumwuliza uko wapi, wala kuna nini. Alimwuliza kama ameshapanda gari.

"Umejua tangu lini?" Gona alisema.

Mtoto wao mmoja alisikika akiimba mahali fulani ndani ya nyumba.

"Tangu mwanzo," alisema Nyamvula, na alikuwa akilia. "Baba Munga, nisikilize. Miaka sita hukuwapo. Munga alipougua, kaka ndiye aliyembeba hospitali. Kodi, karo, hata sabuni, ni kaka. Angefungwa yeye ningefanyaje? Wewe tumezoea kuishi bila wewe."

Gona akakata simu. Kati ya yote aliyosikia siku ile, hilo la mwisho ndilo lililomuua. Chengo alikuwa amemwibia kadi. Huyu alimwambia ukweli.

Alipanda ngazi za trela kabla hata hajajua ameamua nini.

"We! We, shuka!" Jacktone alipiga kelele.

Gona aliweka gia ya nyuma. Trela zima, kontena na matairi yake, likaanza kulirudia lango. Jacktone akakimbia ubavuni, bastola mkononi. Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni. Ya pili ilipitia mlangoni na kumchana Gona nyama ya paja. Aliuma meno, akashikilia usukani. Mabati ya lango yakapasuka kwa kishindo, nguzo ikaanguka, Jacktone akaruka pembeni akagaagaa kwenye kokoto.

"Shemeji!" Kwa mara ya kwanza Chengo alipaza sauti. "Shemeji, unakwenda wapi? Watakufunga!"

Gona alilitoa trela lote barabarani kinyumenyume, kona ile ya hatari, bila kugusa ukuta. Ilikuwa kazi safi. Hakuna aliyebaki na moyo wa kuisifu.

SAA TISA NA NUSU. CHANGAMWE.

Alikuta polisi wameshafika. Land Rover mbili, meneja wa yadi bado na kofia yake ya msikitini, na karani. Mutua alikuwa anaeleza kwa mikono yote miwili jinsi alivyotishwa. Aliliona trela likikata kona, mikono ikabaki hewani.

Gona aliegesha mbele ya geti, akazima injini, akashuka akichechemea. Damu ilikuwa imefika kwenye soksi. Bunduki nne zikamgeukia.

"Nimeuleta mzigo," alisema. "Nimekuja kuchukua kadi yangu."

Inspekta alikuwa mtu mzito, mwenye subira. Alikuwa nayo mkononi, ameishika kwa ncha za vidole. Aliitazama picha, akamtazama Gona. Akamkalisha kwenye ngazi ya geti, akaagiza afungwe kitambaa pajani na pingu mikononi.

"Hii hutaichukua tena, mzee. Hii ni ushahidi sasa. Wenzako ni nani?"

Gona aliwataja. Chengo, uwanja wa matofali, Likoni. Jacktone mwenye bastola. Mutua, yule pale, anayejificha nyuma ya karani. Alipofika kwa Rosalia alisita, akamtaja pia. Inspekta alipiga simu Likoni na gari moja likaondoka kwa king'ora.

"Na mwingine?"

"Hao tu."

Simu ya Gona ilikuwa juu ya meza ya Mutua, kati ya vitu walivyomtoa mifukoni. Ikaanza kuita. Inspekta aliitazama. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mwanamke anayecheka, amebeba mtoto. Iliita, ikakatika, ikaita tena.

"Huyu ni nani?"

Gona alimtazama yule mwanamke kwenye kioo mpaka simu ikanyamaza.

"Dada yake Chengo," alisema.