Magoti ya Costansia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, Costansia alikunja vipande viwili vya kanga kuukuu akajiwekea ndani ya nguo. Chai hakunywa. Alikuwa amegundua kwamba asipokunywa kitu, mkojo haumtoki sana. Ikifika saa sita kichwa kilimgonga, lakini angalau sketi ilikuwa kavu.

Costansia aliishi Kanoni na mumewe Projestus na watoto wao saba. Tangu kitindamimba azaliwe, miaka minne iliyopita, kitu kilikuwa kinamshuka ukeni. Jioni, baada ya kubeba mikungu ya ndizi na ndoo za maji, alikihisi kama yai. Akipiga magoti kilitoka nje, na mkojo ukamponyoka. Hakumwambia mtu. Kanisani alihamia benchi la nyuma, karibu na mlango.

Jumapili moja mama mkwe wake, bibi Nyirabageni, alikuja kutoka Nyakatuntu. Mwanamke wa huku hamsalimii mkwe akiwa amesimama. Hupiga magoti, akamkaribisha kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili. Costansia alileta kijikapu cha kahawa akainama kidogo tu.

"Shikamoo, mama. Karibu kahawa."

Bibi Nyirabageni hakuchukua hata punje. "Nitatafuna siku utakayopata magoti," alisema. Kesho yake akarudi kwake.

Projestus alifura kwa hasira. "Mama yangu umempa kahawa kama unawatupia kuku mahindi! Kiburi hicho umekitoa wapi? Kamwombe radhi kwa magoti. La sivyo, rudi kwenu."

Costansia alilia sana. Kwenda angekwenda. Lakini angepigaje magoti mbele ya watu, kisha ainuke ameloa?

Wiki ile kizunguzungu kilimzidi, akaenda zahanati. Muuguzi pale alikuwa Mwanamisi, mtoto wa watu wenye duka la vitambaa pale kijijini.

"Midomo imekukauka, mama. Hunywi maji?"

"Nikinywa yananitoka."

Mwanamisi akaenda kufunga mlango. "Mwenzangu, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa saba."

"Basi huna sababu ya kuficha!"

Wakacheka, na katika kucheka huko Costansia akasema yote.

"Hicho ni kizazi kimeshuka," Mwanamisi alieleza. "Misuli inayokishikilia imelegea kwa uzazi na mizigo mizito. Si uchawi, wala si uhuni. Wanawake wengi wanacho, ila wanakaa kimya kama wewe. Na maji unywe, kujinyima kunakuongezea maradhi. Wiki ijayo madaktari bingwa wanakuja hospitali. Nenda na mumeo."

Projestus alikwenda akinung'unika. Daktari alikuwa mwanamke, Dokta Kokwijuka, mzaliwa wa Igurwa. Alimpima Costansia, kisha akamgeukia mumewe.

"Mzee, mgomba ukilemewa na mkungu, unafanyaje?"

"Nauwekea mhimili."

"Huukati?"

"Niukate mkungu haujakomaa? Hapana."

"Basi na mimi sikati kizazi cha mama. Nakiwekea mhimili. Natoboa matundu madogo tumboni, naingiza kamera na vyuma vyembamba. Nakipandisha kizazi, nakishikiza kwenye mfupa kwa wavu mdogo."

"Nasikia siku hizi anayepasua ni roboti," Projestus alisema kwa wasiwasi.

Daktari akacheka. "Nilikosomea nilitumia roboti. Ni mikono ya chuma tu, haisogei mpaka mimi niisogeze. Hapa natumia hii miwili niliyozaliwa nayo." Kisha akaacha kucheka. "Wenzangu walichagua moyo na ubongo. Wakaniuliza, kwa nini wewe unachagua huko chini? Mama yangu aliacha kwenda kanisani kwa ugonjwa huu. Sisi wanawe tulijua siku ya kumwosha, alipofariki."

Akamtazama Costansia. "Si kila mtu anahitaji kupasuliwa. Kizazi kikishuka kidogo, mazoezi ya kukaza misuli, kama unazuia mkojo, yanasaidia. Wengine tunawawekea pete laini ya mpira ikishikilie. Chako kimeshatoka nje. Pete inawezekana, upasuaji pia. Uamuzi ni wako, mama."

"Nipasue," alisema Costansia. "Nataka kupiga magoti."

Projestus aliinamisha kichwa. Sasa alielewa kijikapu kile cha kahawa. Aliona haya mpaka machozi yakamlengalenga.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari aliagiza miezi mitatu bila ndoo, bila mkungu, bila jembe. Projestus akawa anachota maji mwenyewe. Wanaume kisimani walimtania, "Mama Projestus, leo umechelewa!"

"Chekeni tu," aliwajibu. "Na nyie wake zenu waulizeni wanakaa wapi kanisani."

Mwezi wa tano baada ya upasuaji walikwenda Nyakatuntu. Projestus alikuwa ameshamweleza mama yake kila kitu. Costansia alichukua kijikapu, akapiga magoti, akasalimia taratibu mpaka mwisho. Aliinuka mkavu.

Bibi Nyirabageni alichukua kahawa akatafuna. Alingoja mwanawe atoke kwenda kuangalia mbuzi.

"Hiyo pete ya mpira," alinong'ona, "wanayo ya vikongwe?"

Costansia aliweka kijikapu chini. "Wanayo. Tangu lini, mama?"

"Tangu alipozaliwa huyu huyu mumeo."

Jumatatu walikuwa wawili kwenye benchi la zahanati, na mlango ulipofunguliwa, bibi Nyirabageni ndiye aliyetangulia kuingia.