Mianzi ya Njia ya Kabambare

Rafiki yangu Mounira amezunguka mabara matatu na mfuko mmoja mgongoni, na haya alinisimulia mwenyewe. Aliporudi Kasongo, wajomba zake waliapa: akishindwa kufika Kabambare bila ndugu wa kumsindikiza, hatasafiri tena mpaka aolewe.

Asubuhi alipanda pikipiki ya Bulaimu, dereva wa abiria wa mtaani kwao. Walipofika kwenye mianzi, mahali jua lisipoingia, Bulaimu alisimama.

“Dada, hapa watu wanashuka, wanapiga hodi, ndipo wanapita.”

“Hodi kwa majani? Nimelala jangwani, nimelala milimani, sikuomba ruhusa kwa mutu. Natangulia!”

“Uko na kichwa nguvu kama wajomba zako.”

Mounira aliingia gizani kwa miguu. Mianzi ililia kwii, kwii, kisha yote ikanyamaza pamoja. Karibu naye mtu akakohoa, akasema kwa Kihispania: “Karibu, binti yangu.” Ilikuwa sauti ya bibi aliyempa kitanda kule Bolivia, ambaye Mounira mwenyewe alisaidia kumzika.

Akakaza kamba za mfuko. “Sikupiga hodi!” akajibu kwa lugha ileile, akaendelea kutembea.

Nyuma yake Bulaimu akaita: “Dada, ni nani huyo mama anakushika mukono?”