Mwaka Aliouandika Sau-fong

Maji ya kunyonyolea kuku yalimwagikia miguu ya Mok Hon-sang kabla hata hajasalimia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la Mtaa wa Pei Ho limefurika watu, kuku wanapiga kelele vizimbani, naye amevaa viatu vyeupe vipya. Aliyemmwagia alikuwa mwanamke mwenye buti za mpira, mikono imefunikwa kitambaa cha maua hadi viwikoni, midomo imekolea rangi nyekundu kama mtu anayekwenda harusini.

"Viatu vyeupe kwenye kuku," alisema mwanamke, wala hakuomba radhi. "Kuna watu wanayatafuta matatizo kwa tochi."

Hon-sang alikuwa mtumishi wa kituo kimoja cha utafiti, kazi yake kutoa watu damu. Alieleza kwamba tangu mwaka 1997, mafua ya ndege yalipoingia Hong Kong na kuku wote wakachinjwa, wataalamu walikuwa wakijiuliza kwa nini wengine huugua vibaya na wengine husalimika. Huenda mwili uliowahi kuugua mafua ya kawaida huyakumbuka, na kumbukumbu hiyo ikausaidia siku ukikutana na haya ya ndege. Aliomba damu kidogo tu, ya kujaza kijiko.

Lai Sau-fong, ndilo jina la muuza kuku huyo, alinyoosha mkono, akageuza uso asione sindano. Kwenye fomu akaandika kuwa amezaliwa mwaka 1971.

Siku ya tatu Hon-sang alirudi kuuliza kama mkono umevimba. Haukuvimba. Wiki iliyofuata akaja kununua kuku. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mtalaka, hajui kupika hata yai. Miezi mitatu ikapita hivyo: asubuhi kuku, jioni simu, Jumapili chai ya maziwa na tambi katika mgahawa wa kona, Sau-fong amevaa gauni la kijani na nywele nyeusi tii, akimtania kwamba anakula polepole kama mzee.

Kisha Daktari Poon, mkuu wa maabara, akamwita Hon-sang ofisini. Damu ya muuza kuku mmoja ilikuwa imeleta utata. Ilikuwa na kumbukumbu kali ya mafua yaliyoacha kuzunguka mwaka 1968, na mwenyewe ameandika kuwa amezaliwa miaka mitatu baadaye. Daktari hakuona maelezo mengine: Hon-sang alichanganya chupa. Na kama alichanganya moja, nani angeziamini zile mia nne nyingine? Akamwambia apate damu mpya ya mama yule, haraka.

Hon-sang alipiga simu jioni ile ile.

"Fong, mpenzi, nahitaji damu yako tena, wanasema haipatani na mwaka ulioandika, eti nimechanganya chupa. Kidogo tu."

"Mwezi huu nina kizunguzungu."

"Jana nimekuona umebeba vizimba vinne."

"Ndiyo maana nina kizunguzungu."

Kesho yake akasema ana wateja. Keshokutwa yake, kwamba kalenda ya bahati ya Kichina inaonyesha siku hiyo ni mbaya kwa vitu vyenye ncha. Hon-sang alikuwa mtu mpole, lakini upole nao una mwisho. Wiki ya pili alisimamishwa kazi, na wenzake wakaanza kumwita Bwana Chupa. Akampigia tena.

"Nimesimamishwa, Fong. Miaka ishirini na sita sijawahi kukosea jina hata moja. Damu ya kijiko, unaninyima?"

Upande wa pili kuku walipiga kelele, na simu ikakatwa.

Asubuhi Sau-fong alifunga kibanda, akapanda hadi maabara na buti zake za sokoni, manyoya yamemganda kwenye kitambaa cha maua. Hon-sang alikuwa ameitwa kujieleza. Sau-fong hakumtazama. Alimgeukia Daktari Poon.

"Hakuchanganya chochote. Nimezaliwa mwaka 1963. Andika."

Daktari Poon alifurahi mno hata akasahau kuomba samahani. Alieleza kwamba mafua yale ya zamani ni kama ndugu wa haya ya ndege, na damu ya Sau-fong ilikuwa miongoni mwa zilizoyatambua vizuri zaidi. Waliozaliwa baadaye, kama Hon-sang, walikutana utotoni na mafua ya ukoo mwingine, na huenda kinga yao ni hafifu.

Koridoni Hon-sang alilipuka kwa sauti ya chini.

"Mimi umri wako nilikuuliza lini? Wiki mbili naitwa mzembe, na wewe unajua ukweli."

"Ungekuja kununua kuku kwa mwanamke wa miaka sitini na moja?"

"Kuku wenyewe nilikuwa nampa jirani, Fong. Sijala hata mmoja."

Akaondoka. Hakupokea simu siku tisa. Alirudishwa kazini, lakini hasira ilimkwama kama mwiba wa samaki kooni. Siku ya kumi akapokea.

"Bado umenuna?" Sau-fong aliuliza.

"Sana."

"Basi nuna huku unasikiliza. Jumatatu ofisi ya ndoa inafunguliwa saa tatu asubuhi. Nitakuwepo."

Hon-sang alimwambia kwamba watu huwa hawaombi msamaha namna hiyo. Sau-fong akajibu kwamba msamaha bado hajauomba. Hilo ni jambo la ana kwa ana.

Jumatatu alimkuta amekaa kwenye ngazi za ofisi hiyo, hana rangi midomoni, mvi nyeupe zimechomoza kwenye mstari wa nywele upana wa kidole. Alisimama.

"Nilikosea. Aibu ilikuwa yangu, nikakuacha uibebe wewe. Nisamehe."

Hon-sang alitamani moyo umlainike upesi, ukakataa.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua," Sau-fong akamshika mkono. "Hasira hiyo utaimalizia ukiwa mume wangu."

Wakapanda ngazi, mwanamume akiwa bado amekunja uso.